Mgongo wa Beki Aliyeitwa Radi

Anzeni kucheka sasa hivi, ili tukifika katikati muwe mmeshamaliza. Natoka Sumbawanga. Ndiyo, huko huko mnakosema wachawi hutumiana radi. Hapana, sijawahi kuruka na ungo. Ungo wa nyumbani kwetu una ulezi. Naitwa Oresta, nipo kidato cha tatu, na kitu pekee nilichowahi kumrushia mtu kutoka mbali ni chaki, muulizeni mwalimu wa hesabu.

Mmemaliza? Basi kaeni. Hii ni habari ya mgongo wa baba yangu, ambao mifupa yake ilikuwa inaliwa ndani kwa ndani huku watu wazima wenye ndevu wakibishana nani kamroga. Naiandika kwa ajili ya yeyote ambaye sasa hivi ana baba, kaka au mume anayelala kifudifudi kwa sababu chali hawezi, na nyumba imejaa washauri. Nilikuwa na hasira wakati ule. Bado ninayo, nimeitunza vizuri.

Baba ni beki wa kati. Usijisumbue kumtafuta kwenye simu, humpati. Amecheza Mpanda, Tunduma, Songea, Tabora, Njombe, kisha Tunduma tena, timu za daraja la pili na ligi za mikoa, timu ambazo basi lao likiharibika na msimu unaishia hapo hapo. Daraja la kwanza alifika mara moja, timu ikashuka. Wenzetu wana albamu za picha. Sisi tuna jezi za timu zilizokufa, tunadekia. Mama alibaki Sumbawanga akiuza ulezi na maharage sokoni, na baba alikuwa anarudi kila ligi ikiisha, na begi moja na kovu jipya. Mbio hakuwa nazo. Alikuwa na kichwa kigumu, mabega, na kipaji cha kukukanyaga wakati mwamuzi anaangalia mawingu.

Na alikuwa na chupa.

Kama hujui mpira wa madaraja ya chini, nikufundishe bure. Timu ngeni haipiti getini, kwa sababu wenyeji wanaweza kuwa wametega kitu. Wachezaji wanaruka ukuta kama wezi wa kuku. Hawavai jezi kwenye chumba cha kubadilishia, wanavalia ndani ya basi. Hawaoti jua upande fulani, hawashiki mkono wa fulani. Mambo hayo yana viongozi wake kwenye kila timu, wanaitwa kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe hauhusiani na mpira. Sasa timu kama hiyo ikisikia kuna beki anatoka Sumbawanga, unafikiri wanamwuliza anapiga kichwa vipi?

Baba alipofika timu yake ya kwanza, Mpanda, kijana mdogo, kocha alimwambia atangulie kuruka ukuta na "aweke mambo sawa". Baba akacheka. Wakadhani ndivyo wanavyocheka wenye dawa zao. Kwenye begi lake kulikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya alizeti ambayo Bibi alimpa ajipake miguu. Akapaka nguzo ya goli, ili wamwache tu. Wakashinda. Tangu siku hiyo akaitwa Radi, na kila timu iliyomchukua ilimchukua na chupa yake. Miaka yote ile hakuwahi kuingia uwanjani kwa geti.

Nilipokua kidogo, kujaza chupa ikawa kazi yangu. Nilikuwa nachota kwenye dumu lile lile la jikoni. Nawaambia hili mapema, maana litahitajika.

Msimu wa mwisho akarudi nyumbani kuchezea timu ya hapa mjini. Tulifurahi. Nikawa naenda kumtazama na kuwatukana washambuliaji kwa niaba yake. Ila tangu mvua za mwanzo aliinuka kitandani kwa hatua, kama mtu anayefungua kiti cha kukunja. Mgongo. Akienda zahanati: "Wewe si mchezaji? Ndiyo kawaida." Sindano ya maumivu, dawa ya kuchua, rudi uwanjani. Zahanati nyingine nayo: sindano, dawa ya kuchua. Timu ilikuwa na mtu wake wa kuchoma sindano kabla ya mechi, ambaye siku nyingine alikuwa anafua jezi. Baba alipungua mpaka kaptula ikahitaji kamba. Shuka lilikuwa linalowa jasho, na hapa kwetu mwezi wa sita kuna baridi ya kukatisha mtu kuoga. Hakuna aliyeuliza mtu anatokaje jasho kwenye baridi ile. Mimi niliuliza, nikaambiwa nikasome.

Kisha kikatokea kinundu katikati ya mgongo, pale mkono wako mwenyewe haufiki. Mechi ya mwisho alianguka bila kuguswa. Mwenyekiti wa timu, mwanaume mwenye tumbo na simu mbili, alisimama juu yake na kusema mbele yangu, "Dawa imemrudi. Hii siyo ya hospitali, amalizane na watu wake." Wakamwacha kwenye nyasi. Aliyembeba hadi kwenye bajaji ni Gasto, beki mwenzake, kijana mrefu kama mlingoti wa bendera, na mimi nikashika viatu.

Taarifa ilifika nyumbani kabla yetu. Majirani walikuwa wameshakaa. Kila mmoja ana nadharia: timu ya Tunduma imemlipizia, chupa ilikuwa na masharti akayavunja, radi aliyoitupa kwa wengine imekosa pa kutua. Baba alikuwa amelala kifudifudi anasema, "Jamani, ni mafuta ya alizeti." Wakaangaliana. Mtu aliyekaa kimya miaka kumi na kitu watu wakimwogopa, leo ndiyo anataka kusema kweli? Nani atamsikia?

Baba mdogo Lazaro, mdogo wake baba, alikuja kutoka Ilemba na uamuzi tayari. Kuna fundi, yaani mganga, huko bondeni. Mama hakutaka, lakini Lazaro ni shemeji na alikuja na wazee, na mama akaambiwa anataka mumewe afe ili abaki na nyumba. Nyumba yenyewe ina vyumba viwili na mlango unaofungwa kwa jiwe. Ilikuwa likizo, nikapelekwa niwe napika.

Fundi yule alivaa jezi ya Ulaya. Alimpapasa baba mgongoni, baba akapiga ukelele, yeye akatikisa kichwa kama aliyepata jibu.

"Radi uliinunua kwa nani?"

"Sijanunua. Ni mafuta ya kula."

"Wote husema hivyo."

"Kaka," Lazaro akamwambia, karibu kulia, "taja tu jina, tupone."

"Nitaje la nani? La mwenye duka?"

Nikasema, "Shikamoo fundi, mafuta nilikuwa najaza mimi, ya dumu la jikoni."

Akaniangalia kwa huruma kubwa. "Na mtoto naye wamemfunga," akasema.

Alimchanja chale juu ya kile kinundu na kumsugulia majivu. Tukalala huko wiki mbili, jua la bonde linatupika, vidonda vinatoa maji. Lazaro hakuwa mtu mbaya, ndilo linaloniudhi. Alimlisha kaka yake uji kwa kijiko, akamfukuzia nzi. Mtu mbaya ungemtukana ukapumua.

Asubuhi moja baba aliniita. Ananiita Mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

"Mama, nifunike miguu, naona imetoka nje."

Miguu ilikuwa ndani ya blanketi. Nikaibana vidole kwa nguvu zangu zote, nikingoja anitukane. Alikuwa anaangalia ukuta, hajui kama nimemshika. Halafu nikaona godoro limelowa.

Nilikimbia hadi kichuguu chenye mtandao nikampigia mama. Sikulia, nilipiga kelele. Kesho yake mama alishuka Ilemba kwenye lori la mpunga, bado ana aproni ya sokoni. Lazaro akaanza, "Shemeji, fundi amesema siku tatu tu..." Mama akamwambia, "Mgongo huu nimeolewa nao mimi. Nyanyua upande huo." Lazaro akanyanyua. Tulipanda milima kurudi mjini baba amelala juu ya magunia, na mimi nimekaa namkinga kichwa kila tukifika kwenye mawe.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la watu sita. Mmoja akamtambua. "Siyo Radi yule?" Benchi likaanza kupumua, waliposogea wa mwisho tulibaki wenyewe, baba kwenye machela, mama na mimi. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe asikanyage kivuli cha machela. Sikuvumilia. Nilimwangalia, nikajaza mashavu, nikanguruma, "Brrruuuum!" Alikimbia akaacha kandambili moja. Mama alinifinya sikio hadi likalia, lakini nilimwona baba anatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu nyasi zile.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, uso umejaa chunusi kama wangu. Alikiminya kinundu kwa kidole kimoja, akauliza kuhusu jasho, kuhusu kukonda, akaangalia zile chale muda mrefu. Baba akapigwa picha ya mgongo. Jibu: kifua kikuu cha mifupa ya mgongo.

Lazaro, aliyetufuata baada ya kuandikisha kadi, akauliza, "Daktari, kifua kiko mbele. Imekuwaje mgongoni?"

"Mdudu hajui anaitwaje, mzee."

"Atatembea?" mama akauliza.

Hakutudanganya, nampenda kwa hilo. "Mmechelewa. Ameze dawa zote, asiruke hata siku moja, mwaka mzima. Kama miguu itarudi, mtaanza kuona dalili karibu na mvua kukatika. Kama haitarudi, nayo mtaijua."

Mmechelewa. Hilo neno nililibeba hadi Mbeya, walikompeleka baba kumtoa usaha mgongoni, na nikarudi nalo. Tungefika mapema angeingia akitembea. Alipitia zahanati, alipitia mikono ya timu, alipitia kwa fundi, na kila mmoja alimtazama mgongo akaona anachokijua yeye.

Alirudi nyumbani na mvua za kwanza, amefungwa koti gumu la plasta kama kobe. Kliniki wakasema lazima mgonjwa awe na msimamizi, mtu wa nyumbani wa kumwona akimeza kila siku. Mama anaamkia sokoni. Lazaro alijitolea, muuguzi akamwangalia tu. Baba akasema, "Andika Oresta. Huyu hana huruma."

Mnajua walichofanya? Walimpa mtoto mtukutu kuliko wote Sumbawanga mamlaka ya kisheria juu ya baba yake. Nilitafuta filimbi. Kila asubuhi kabla ya shule, prrrii! "Radi, kaa wima. Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Hicho nini?"

"Ni jino, Mama."

"Tunalikagua."

Zile dawa zinafanya mkojo uwe mwekundu kama soda ya chungwa. Nisingeambiwa na muuguzi ningezimia, na ninakwambia wewe ili usizimie. Nikimwaga ndoo yake nilikuwa natangaza hadi jirani asikie: "Mwamuzi ametoa kadi nyekundu!" Ndiyo, nilimwaga ndoo ya baba yangu. Mwanzoni aligeuza uso ukutani. Mwanaume aliyeruka kuta za nusu ya nchi, binti yake anammwagia ndoo. Mapaja yake yalibaki kama mikono yangu. Mama alikuwa anamgeuza kila akirudi sokoni asiote vidonda, na wakati mwingine alimgeuza kwa hasira, kisha anakaa nje na kusonya peke yake. Usimlaumu mtu akisonya. Hiyo nayo ni kuuguza.

Ugomvi mkubwa ulikuwa baada ya Krismasi. Alikuwa anatapika kila akimeza, miguu bado kama magogo, na mvua ya usiku ilileta radi ya kweli, ikapasua mti wa jirani. Asubuhi akakataa vidonge.

"Labda Lazaro anasema kweli," akasema. "Miaka yote ile niliwatania watu kwa kitu nisichokijua. Labda kuna mwenye nacho kanisikia."

Nilipuliza filimbi masikioni mwake. Kwa kweli nilitaka kuitupa.

"Baba, chupa nilikuwa najaza mimi! Dumu lile lile! Kama yale mafuta yana radi, basi tumeila na mboga za majani tangu nazaliwa, na Bibi angekuwa ameshaungua. Hao waliokwambia una radi wako wapi? Kuna mmoja kaleta hata nanasi? Umeumwa kama watu wanavyoumwa. Meza!"

Alinigeukia. Akanyoosha mkono. Akameza, akatapika kidogo, akaomba uji, akameza tena vilivyobaki. Sikumpa kadi siku hiyo.

Wakati wa Kwaresima nilikuwa namkata kucha za miguu, nikamkata nyama. Mguu ukaruka.

Tukaangaliana.

"Rudia," akasema.

"Nikukate tena?"

"Kata!"

Mama alirudi akakuta damu kwenye shuka na watu wawili wanacheka kama wehu. Alipoelewa aliketi chini, pale pale mlangoni, na gunia lake kichwani.

Kutoka pale ilikuwa vidole, kifundo, goti. Pasaka akakaa mwenyewe bila kuegemea. Wakati wa kuvuna mahindi akasimama ameshika fremu ya mbao aliyoitengeneza Lazaro, ambaye hakuomba msamaha kwa mdomo. Alileta fremu, akapiga msumari wa mwisho, akaondoka. Mwezi wa saba alikuwa anaenda chooni na fimbo, polepole, anahesabu kuku njiani. Amebaki ameinama kidogo mbele kama anayesikiliza mtu mfupi. Hatacheza tena. Lakini anatembea. Majirani walimwona anatembea.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipopata chakula kipya.

Mwenyekiti wa timu alikuja. Yule wa tumbo na simu mbili. Alimletea baba soda, Gasto akiwa nyuma yake. Nilimpa shikamoo kwa sauti iliyomfanya mama anitazame.

"Kaka Radi," akasema, "tumesikia. Mtu alikuwa gogo, sasa anatembea. Hiyo dawa yako ni moto. Ligi inaanza, tunataka ukae benchi tu. Huna haja ya kukimbia. Weka mambo sawa."

Baba akaniambia, "Mama, lete dawa yangu."

Nikaleta mfuko wa kliniki. Akavimwaga vidonge mezani. "Ndiyo hii. Inatolewa bure, dirisha la kifua kikuu, asubuhi. Nyingine sina. Zile nguzo nilipaka mafuta ya alizeti."

Mwenyekiti aliangalia vidonge, akamwangalia baba, akatabasamu taratibu na kumkonyeza. "Hatari wewe! Sawa, mbele ya watoto tusiseme."

Nilitaka kung'ata meza. Unaweza kumwekea mtu ukweli mbele ya soda yake, aushike kwa mkono, na bado asiuone.

Gasto alikuwa amekaa pembeni muda wote. Alikuwa anakohoa, kikohozi kifupi cha mtu anayejaribu kukimeza. Baba akawa anamsikiliza, kichwa kimeinama vile vile. "Tangu lini?"

"Toka mavuno, kaka. Vumbi tu la kiwanja. Kuna fundi nimeambiwa..."

"Jasho usiku?"

Gasto akashtuka. "Umejuaje?"

Nikamwona baba anafikiri. Alinitazama mara moja, kama mtu anayeomba ruhusa kwa mwamuzi. Kisha akanyanyuka kwa fimbo, akabadilisha sauti, ile nzito ambayo huenda aliitumia nyuma ya kuta za Mpanda na Tabora.

"Gasto. Nimeiona. Sasa sikiliza masharti. Kesho, kabla ya jua kupanda, nenda kliniki, dirisha nililotaja. Utatema makohozi kwenye kikopo chao. Watakachokwambia fanya. Usipite kwa fundi yeyote njiani. Ukivunja sharti..." Akanyoosha fimbo juu, kwenye paa.

"Sivunji, kaka!" Gasto alikuwa amesimama tayari. Mwenyekiti mwenyewe alirudi nyuma hatua moja.

Alienda. Alikutwa nacho, mapema, kabla hakijamla kitu. Anameza, na kwa kuwa anakaa peke yake chumba cha kupanga, msimamizi wake nadhani mnamjua. Filimbi bado ipo.

Nilimgombeza baba wiki nzima. Nilimwambia ukweli ulikuwa mezani ukadharauliwa, na uongo ule ule uliokaribia kumuua ndio aliotumia. Akasema, "Mama, beki hachagui mguu wa kuondolea mpira." Sijakubali. Mpaka leo sijakubali. Ila Gasto ameongezeka uzito.

Mwezi ule alioumaliza mfuko wa mwisho wa vidonge, alitaka kwenda uwanjani, kutazama tu. Tulienda kwa miguu yake. Timu yetu ilikuwa imefika, na kwa kuwa wapinzani walitangulia kuingia, kamati ilikuwa imeamua watu waruke ukuta. Walikuwa wamepanga mstari, mmoja anampandisha mwenzake, daluga zinakwangua matofali. Wakamwona baba, mstari ukasimama. Mwenyekiti akamwambia, "Kaka, pita huku, tutakubeba. Getini kubaya leo."

Baba aliutazama ukuta, muda mrefu. Plasta haipo tena, lakini mgongo ule hauruki kitu.

"Mimi siwezi," akasema.

Akageuka, akaenda getini. Fimbo, mguu, mguu. Nilitembea pembeni yake, simgusi, na nyuma nasikia watu wazima wameacha kupumua. Mlinzi wa geti alisogea kumpisha. Baba akanyanyua mguu wa kushoto, ule uliochelewa kurudi, akavuka chuma cha kizingiti, akaweka chini. Akavuta wa kulia. Akasimama ndani.

"Kumbe hivi ndivyo uwanja unavyoonekana ukiingilia mbele," akasema.

Jioni mjini walishasema: Radi kapita getini, dawa yake sasa haina mfano. Wacha waseme. Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama kuna mtu nyumbani anatoka jasho kwenye baridi, mnyanyue leo. Na wakikuuliza nani kamroga, wangurumie.